Maswali ya Wasomaji: Neno "Mlima", Maana Zake na Asili Yake

Maswali yanayotufikia kuhusu majina ya maumbile ya nchi ni mengi, na yanayouliza juu ya neno "mlima" yamezidi mengine yote. Yaliyofanana tumeyajibu kwa pamoja, na marefu tumeyafupisha bila kugusa maana yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu wanashikilia kwamba neno "mlima" limetokana na kitenzi "kulima", kwa kuwa wazee wa kale walipenda kulima mahali palipoinuka penye mvua na rutuba. Nimejaribu kuwapinga, lakini sina hoja ya kutosha. Je, wana haki?

JIBU: Mwalimu, wanafunzi wako wameona jambo la kweli, ila wamelitolea hitimisho ambalo halijathibitika. Jambo la kweli ni kwamba ukiondoa kiambishi m- katika "mlima" unabakiwa na mzizi -lima, nao unasikika sawasawa na mzizi wa kitenzi "lima". Lakini kufanana kwa sauti peke yake hakujawahi kuwa ushahidi wa nasaba ya maneno. Katika Kiswahili hiki hiki tunapanda mlima na tunapanda mbegu, na hajatokea mtu wa kudai kwamba kukwea kumezaliwa na kilimo. Tuna kaa la moto, tuna kaa wa baharini, na tuna mtu anayekaa kitako, na watatu hao hawana udugu. Lugha nyingi za Kibantu hutenganisha maneno ya namna hiyo kwa toni, yaani kwa kupandisha au kushusha sauti kwenye silabi, lakini Kiswahili kilikwisha kuipoteza toni hiyo ya kutofautisha maana, ndiyo maana sikio la Mswahili si hakimu mzuri wa mambo ya asili. Maneno mawili yaliyokuwa mbali yanaweza kuwa yamesogea hadi yakagongana, na sisi tukayasikia kama ndugu.

Njia ya kuaminika ni kutazama lugha zenye nasaba moja na yetu. Kikuyu huuita mlima "kĩrĩma", na Kikamba huuita "kiima". Kufanana huko si bahati. Mahali ambapo Kiswahili kina sauti l, Kikuyu mara nyingi huwa na r, ndiyo maana "mlango" wetu ni "mũrango" kwao, ilhali Kikamba mara nyingi huidondosha sauti hiyo kabisa. Kwa hiyo -lima, -rĩma na -ima ni mzizi mmoja uliovaa nguo tatu. Ukivuka bahari hadi visiwa vya Komoro utalikuta tena neno lenyewe: kilele kirefu kuliko vyote katika kisiwa cha Mayotte, chenye mita 660, kinaitwa Mlima Bénara. Neno lililotawanyika kwa upana huo haliwezi kuwa limebuniwa na wakulima wa mahali pamoja. Ni urithi wa zamani kuliko Kiswahili chenyewe.

Hapo mwanafunzi mwerevu atakujibu kwamba Wakikuyu nao wana "kũrĩma" kwa maana ya kulima, kwa hiyo maneno hayo mawili yamesafiri pamoja. Mkubalie, kisha umwoneshe kwamba kusafiri pamoja kunathibitisha ukongwe wa maneno yote mawili, lakini hakuthibitishi kwamba moja limemzaa mwenzake.

Hoja ya mwisho, na kwangu ndiyo yenye nguvu zaidi darasani kwa sababu mwanafunzi anaweza kuipima mwenyewe, ni ya maumbo. Kiswahili kinapotaka kupata jina la kitu kutokana na kitenzi na kuliweka katika ngeli ya M-MI, kwa kawaida hugeuza irabu ya mwisho kuwa o. Kutega huzaa mtego, kuchora huzaa mchoro, kufunga huzaa mfungo. Tazama sasa maneno ya maumbile ya nchi yaliyotokana na vitenzi kwa hakika: kuteremka kumezaa mteremko, na kuinuka kumezaa mwinuko. Kulima nako kumezaa kilimo. "Mlima" halifuati mkondo huo, nalo linabaki na a yake. Nomino ya namna hiyo inajitegemea, na wanafunzi wako watalazimika kuleta ushahidi mwingine kabla ya kuifunga kwenye jembe.

SWALI: Kama neno hili ni urithi wa Kibantu, mbona majirani zetu wengi hawalitumii? Nimeishi miongoni mwa watu wa lugha mbalimbali na sijalisikia.

JIBU: Ni kweli kwamba halikuenea kote, na hilo ni la kawaida. Familia moja ya lugha haihifadhi kila neno la wazee wake. Lugha moja hushika hili, nyingine huliacha na kuinua neno lililokuwa na maana ya karibu, kama vile mwamba, kilele au mgongo wa nchi. Wasukuma husema "lugulu", Wanyarwanda na Warundi husema "umusozi", Waluba husema "mukuna", na katika Kilingala ni "ngomba". Kusini zaidi, Kizulu na Kixhosa hutumia "intaba", ambayo ni ndugu wa damu wa "thaba" ya Kisotho na Kitswana. Wachewa wana "phiri", na neno hilo limekuwa pia jina la ukoo, tena ukoo wa watawala wa zamani wa Wamaravi, ndiyo sababu akina Phiri ni wengi Malawi na Zambia hata leo.

Majina ya watu yanaonesha vizuri jinsi umbo la nchi lilivyotumika kumtambulisha binadamu. Waluguru wa Morogoro wamebeba ndani ya jina lao neno lile lile la "lugulu": ni watu wa milimani. Jirani na milima ya Usambara wako Wabondei, na jina lao linatokana na bonde. Aliyewaita hivyo hakuwa na haja ya ramani.

SWALI: Mzee wangu, shikamoo. Nimesoma kwamba kiambishi ki- hudunisha, kwa hiyo kilima ni mlima mdogo. Iweje basi mlima mrefu kuliko yote barani Afrika uitwe Kilima-njaro? Je, waliouita hivyo walikuwa wanaudharau?

JIBU: Marahaba. Swali lako limewasumbua watu kwa zaidi ya miaka mia na sabini. Mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima huo tarehe 11 Mei 1848, na habari yake kwamba kuna theluji karibu na ikweta ilikataliwa na baadhi ya wataalamu wa Ulaya. Mwenzake, Johann Ludwig Krapf, katika kitabu kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1860, aliandika kwamba Waswahili wa pwani waliuita Kilimanjaro kwa maana ya mlima wa ukuu, na papo hapo akaongeza kwamba huenda maana yake ni mlima wa misafara, kwa kuwa misafara iliutumia kama alama inayoonekana toka mbali. Utaona kwamba tangu mwanzo mtu mmoja alitoa maana mbili. Mpelelezi Mskoti Joseph Thomson, aliyepita huko katika miaka ya 1880, aliiona tafsiri ya ukuu kuwa nzuri kama nyingine yoyote, lakini akapendekeza pia kwamba "njaro" huenda lilikuwa neno la zamani la weupe. Wamaasai kwa upande wao huuita Oldoinyo Oibor, na hilo halina utata: ni mlima mweupe.

Wako pia wanaolitafuta jina hili katika Kichaga, wakisema kwamba sehemu ya kwanza si "kilima" hata kidogo, bali ni neno linalohusu kushindwa, na kwamba jina zima lilikuwa na maana ya kitu kinachoushinda msafara au msafiri. Tatizo la maelezo haya ni kwamba wageni wa karne ya kumi na tisa waliouliza waliambiwa na Wachaga majina ya vilele, yaani Kibo na Mawenzi, wala hawakupewa jina moja la mlima mzima. Anayeishi mteremkoni huita kilele kile anachokiona kila asubuhi. Jina la kuukusanya mlima wote kwa mkupuo humfaa zaidi anayeutazama kutoka mbali, naye ni msafiri wa pwani au wa nyika. Kwa maoni yangu hoja hiyo inaupa upande wa pwani uzito zaidi, ingawa nusu ya pili ya jina bado haijapata maelezo yanayowaridhisha wote.

Turudi sasa kwenye ki- inayokusumbua. Si kweli kwamba ki- hudunisha kila mahali. Kichwa si mchwa mdogo, kisu si su dogo, na lugha yetu yenyewe inaitwa Kiswahili bila kuonewa. Hiyo ni ngeli ya KI-VI, na udogo ni kazi mojawapo tu kati ya kazi zake. Tena yatazame yale maneno ya Kikuyu na Kikamba niliyoyataja kwa mwalimu hapo juu: "kĩrĩma" na "kiima" yana ki-, na maana yake ni mlima wenyewe, si kilima. Mlima unaoinuka karibu na Thika nchini Kenya, wenye mita 2,145, unaitwa Kilimambogo, yaani mlima wa nyati, na Wamaasai huuita Oldoinyo Sapuk, yaani mlima mkubwa. Hakuna aliyeuona kuwa mdogo. Basi inawezekana kabisa kwamba "kilima" ya Kilimanjaro iliingia katika masikio ya Waswahili kutoka kwa majirani wa bara ambao kwao ki- ndiyo kiambishi cha kawaida cha neno hili, au kwamba katika Kiswahili cha zamani mpaka wa "mlima" na "kilima" haukuwa mkali kama unavyofundishwa leo.

Na hata kama ki- ingekuwa ya udogo, bado tusingepaswa kushangaa sana. Mlima mrefu kuliko yote kusini mwa Afrika, ulioko Lesotho na wenye mita 3,482, unaitwa Thabana Ntlenyana. Hapo -ana ni kiambishi cha udogo katika Kisotho, na jina zima lina maana ya kilima kizuri. Udogo katika lugha zetu hubeba mapenzi pia, kama mama anavyomwita "kitoto changu" kijana aliyekwisha kumzidi kimo.

SWALI: Ni mita ngapi zinazotenganisha mlima na kilima? Tumebishana kazini na tunaomba Mhariri awe mwamuzi.

JIBU: Nitaamua, lakini huenda nisimpendeze yeyote. Hakuna kipimo kimoja kinachofuatwa na dunia nzima. Uingereza wamezoea kuhesabu kuwa mlima kitu chenye futi 2,000 na zaidi, ambazo ni kama mita 610. Kwa kipimo hicho Mlima Bénara niliokwisha kuutaja unapita kwa mita hamsini tu. Mwaka 2000 kituo cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira kinachofuatilia uhifadhi kilitoa kanuni yenye ngazi: popote penye mwinuko wa mita 2,500 na zaidi ni eneo la mlima bila masharti, kati ya mita 1,000 na 2,500 ukali wa mteremko huangaliwa, na kati ya mita 300 na 1,000 nchi ni lazima ipande kwa zaidi ya mita 300 ndani ya eneo dogo la jirani. Kwa hesabu hiyo karibu robo ya nchi kavu ya dunia ni milima.

Kanuni hiyo inatufundisha jambo ambalo wabishani wengi hulisahau, nalo ni tofauti kati ya mwinuko kutoka usawa wa bahari na kimo kutoka chini ya mlima wenyewe. Lesotho yote iko juu ya mita 1,000, na hata hivyo ina tambarare ambako hakuna atakayesema yuko mlimani. Kwa upande mwingine, Mauna Kea ya Hawaii ina mita 4,207 tu juu ya bahari, lakini ukianza kuipima kutoka sakafu ya bahari inakosimama unapata zaidi ya mita 9,000, ilhali Everest, iliyotangazwa mwaka 2020 kuwa na mita 8,848.86, inaanzia juu ya nyanda ambazo tayari zimeinuka sana. Kilimanjaro nayo hustaajabisha kwa sababu mita zake 5,895 zinaanzia kwenye nchi tambarare na mlima unasimama peke yake.

Mswahili wa kawaida hafuati mita. Kwake mlima ni kitu kinachotawala upeo wa macho na kinachomtoa mtu jasho anapokikwea, na kilima ni kile anachoweza kukivuka huku akiendelea na mazungumzo. Eneo la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam linaitwa Mlimani, ingawa lile ni kilima tu kwa kipimo chochote cha kisayansi, na dereva hutwambia kwamba mbele kuna "mlima mkali" akiwa na maana ya barabara inayopanda. Matumizi hayo si makosa. Katika barabara, "mlima" ni kinyume cha "mteremko", na urefu wake hauhesabiwi. Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu: mnapoandika jiografia, tajeni kipimo mnachofuata, na mnapozungumza, mwacheni kila mmoja aite anachokiona.

SWALI: Je, Mrima, yaani pwani ya bara inayoitazama Unguja, ni neno hilo hilo la "mlima"? Pwani ile ni tambarare.

JIBU: Kwa upande wa sauti hakuna kizuizi. Kupishana kwa l na r tumekwisha kukuona. Kusini mwa Kenya, katika Kwale, kuna Mrima, mwinuko wenye msitu unaojulikana sana kwa madini adimu yaliyomo ndani yake, na watu wanaposema "kilima cha Mrima" huwa wameutaja mwinuko mara mbili. Kazi iko kwenye maana. Mrima ya Bagamoyo, Saadani na Pangani, iliyowapa Wamrima jina na lahaja ya Kimrima jina lake, ni nchi ya mchanga na mikoko. Wanaoyaunganisha maneno haya mawili hueleza kwamba jina lilitolewa na watu wa baharini na visiwani, ambao kwao bara ni nchi inayoinuka mbele ya chombo. Maelezo hayo yana mantiki, kwa sababu nyuma ya ukanda ule wa mchanga nchi hupanda kuelekea Usambara, na baharia hukadiria mahali alipo kwa kutazama vitu vilivyo juu, wala hatazami fukwe. Mimi nayaona kuwa maelezo bora kuliko mengine, ila nisingeyaandika katika mtihani kama jibu pekee.

SWALI: "Jabali" na "mlima" vina tofauti gani? Mwarabu aliniambia kwamba kwao jabali ndiyo mlima.

JIBU: Alikwambia kweli. Neno "jabal" la Kiarabu lina maana ya mlima, lakini lilipoingia Kiswahili lilikuta kiti cha mlima kimekwisha kukaliwa, likajitafutia kazi nyingine: jabali kwetu ni mwamba mkubwa, na kwa sitiari ni mtu hodari asiyetikisika. Hii ndiyo tabia ya maneno ya mkopo. Yakikuta mwenyeji, hubana maana zao.

Neno hilo hilo limesafiri mbali. Mwaka 711 jemadari Tariq ibn Ziyad alivuka kutoka Afrika ya Kaskazini kuingia Hispania, na mwamba alikoteremkia ukaitwa Jabal Tariq, jina ambalo ndimi za Wazungu zililisaga hadi likawa Gibraltar. Kisiwani Sicily, mlima wa volkano wa Etna una jina jingine la wenyeji, Mongibello. Nusu yake ya kwanza ni "mons" ya Kilatini na nusu ya pili ni "jabal" ya Kiarabu, kwa hiyo jina zima ni "mlima mlima".

Msomaji wa Biblia atakutana pia na neno la Kiebrania la mlima bila kujua. Har-Magedoni, katika Ufunuo 16:16, huanza na "har", ambalo ndilo neno lenyewe.

SWALI: "Mlima" na "mountain" ya Kiingereza yote huanza na m. Je, kuna uhusiano?

JIBU: Hakuna. Katika "mlima", m- ni kiambishi cha ngeli, nayo huondoka mara tu unaposema "milima" au "kilima". Katika neno la Kiingereza, m ni sehemu ya mzizi. Waingereza walilipata neno lao kutoka Kifaransa cha zamani baada ya Wanormani, watu waliosema Kifaransa, kuitawala nchi yao kuanzia mwaka 1066, na Kifaransa kililirithi kutoka "mons" ya Kilatini, mama wa "montaña" ya Kihispania na "montagna" ya Kiitaliano. Wareno na Wahispania wana neno jingine pia la safu ya milima, "serra" na "sierra", ambalo maana yake ya msingi ni msumeno, kwa kuwa vilele vilivyopangana hufanana na meno yake. Mabaharia wa Kireno wa karne ya kumi na tano waliliacha neno hilo Afrika Magharibi, na leo linaishi katika jina la nchi ya Sierra Leone, yaani milima ya simba.

SWALI: Magazeti siku hizi huandika "mlima wa madeni" na "mlima wa takataka". Je, ni Kiswahili fasaha?

JIBU: Kinaeleweka, lakini mimi sikipendi. Kiswahili kina lundo, rundo, chungu na shehena kwa ajili ya vitu vilivyorundikana, na lundo la takataka linanuka vizuri zaidi kuliko mlima wake. Katika sitiari zetu za asili mlima hausimamii wingi, husimamia ugumu na kutokusogea. Mtu amepanda milima na kushuka mabonde hadi kufikia alipo, na methali husema kwamba milima haikutani lakini binadamu hukutana.

SWALI: Tuandike "Mlima Meru" au "mlima wa Meru"? Na je, si kosa kusema "Mlima Oldoinyo Lengai" ilhali "oldoinyo" tayari ni mlima?

JIBU: Andika "Mlima Meru", kwa herufi kubwa na bila kiunganishi, neno linapokuwa sehemu ya jina, hasa kwa kuwa Meru ni jina la watu na pia la mji nchini Kenya. Tumia herufi ndogo linapokuwa nomino ya kawaida: "mlima huo una mita 4,566." Safu nzima tunaiandika kwa kiunganishi, kama vile "Milima ya Uluguru" na "Milima ya Udzungwa".

Kuhusu Oldoinyo Lengai, ambalo kwa Kimaasai ni mlima wa Mungu, mantiki iko upande wako, ila matumizi yako upande wa wengi. Neno likishahamia lugha nyingine huacha kuonekana kama neno na kugeuka kuwa jina tu. Tunasema "jangwa la Sahara" ingawa sahra ni jangwa kwa Kiarabu, na wengi huandika "Mlima Fujiyama" wakati "yama" ni mlima kwa Kijapani. Katika makala yanayosomwa na watu wasiojua Kimaasai, acha "Mlima" ibaki ili msomaji ajue ni kitu gani kinachotajwa. Unapowaandikia wanaojua, "Oldoinyo Lengai" inatosha, nacho kitenzi kifuate ngeli ya mlima: "Oldoinyo Lengai ulilipuka", si "alilipuka" wala "lililipuka".